Kiti Chekundu cha Bloomington

Mpwa wangu ndiye aliyekiona kwanza. Tulikuwa ndani ya Mall of America, upande wa bustani ya michezo, tumepanga foleni ya ule mtumbwi unaoporomoka na maji. Watoto wanapiga mayowe, harufu ya bisi imejaa, vigari vya juu kwa juu vinapita kwa kishindo. Kijana wangu haangalii mtumbwi. Kakaza macho ukutani, juu kabisa.

"Mjomba, nani anakaa pale?"

Pale juu, mahali pasipo na ngazi wala mlango, palikuwa na kiti. Kiti kimoja tu, chekundu, cha kukunja, cha aina ile ya viwanja vya zamani. Kimetundikwa kwenye ukuta mtupu kama kwamba mtu aliyekikalia ameondoka mara moja na atarudi.

Nikamwambia hapa zamani palikuwa uwanja wa besiboli, na kile kiti ni kumbukumbu. Akaridhika. Zamu yetu ikafika, tukapanda mtumbwi, tukalowa.

Mimi sikuridhika. Nimeishi Minnesota miaka mingi, nimeingia duka lile kununua viatu, kupokea wageni kutoka nyumbani, kutembea tu wakati wa baridi kali. Kumbe muda wote huo nilikuwa natembea katikati ya uwanja.

Kiti kile kilinikaa kichwani wiki hadi wiki.

## Futi 520

Metropolitan Stadium, ambao wazee wa hapa bado wanauita Met, ulifunguliwa mwaka 1956 katika mashamba ya Bloomington, kusini ya Minneapolis. Timu ya Minnesota Twins iliingia hapo mwaka 1961 na kucheza mechi yake ya mwisho Septemba 30, 1981, ilipofungwa na Kansas City Royals 5-2. Mwaka 1985 uwanja ukabomolewa. Agosti 1992 Mall of America ikafunguliwa juu ya ardhi ile ile.

Kiti chenyewe kinahusu pigo moja. Juni 3, 1967, Harmon Killebrew wa Twins alikutana na mrushaji wa California Angels, Lew Burdette. Mpira alioupiga uliruka ukuta, ukaendelea kupanda, ukatua kwenye viti vya ghorofa ya juu upande wa kushoto. Kwa hesabu inayotajwa siku zote, ulisafiri kama futi 520. Walipojenga duka, wakakirudisha kiti kimoja mahali ule mpira ulipotua, kwa umbali na kimo kilekile.

Na chini, sakafuni, upande wa pili wa bustani, wameweka bamba lenye umbo la pembe tano. Hapo ndipo aliposimama mpigaji.

Nilirudi peke yangu asubuhi moja kabla umati haujaingia, nikasimama juu ya bamba lile, nikatafuta kiti kwa macho. Ilinichukua muda kukipata. Kazi yangu ni kuendesha lori, umbali ndio riziki yangu, na nilichokiona pale ni malori saba na ushee ya magurudumu kumi na minane yakiwa yamesimama msururu, pua kwa mkia. Mtu alisimama hapa na gongo la mti mkononi, akaufikisha mpira kule.

Nilishangaa kwa dhati. Picha isingenipa mshangao ule, wala video. Ilibidi miguu yangu iwe hapa na kiti kiwe kule. Nikawasifu moyoni waliowaza jambo hili. Nimekulia Kisauni, ambako kiwanja cha mtaa kikishajengwa ghorofa hakuna anayeweka hata kibao. Hawa wamejenga duka kubwa namna hii, wakakumbuka kuacha kipimo.

Siku hiyo ningeandika makala fupi ya pongezi na kuimalizia hapo. Ila nilitaka kujua zaidi: Twins walitoka wapi mwaka 1961?

## Walikotoka

Walitoka Washington. Walikuwa wakiitwa Senators, na uwanja wao ulikuwa Griffith Stadium, kando ya Georgia Avenue, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Howard, katikati ya mitaa ya watu Weusi.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu uwanja ule, kwa sababu wengi wanaukumbuka kwa Senators na mimi naona hao ndio sehemu yake ndogo. Timu ya Homestead Grays, mojawapo ya timu kubwa kabisa za ligi za Weusi, zile za wachezaji waliofungiwa mlango wa ligi kuu, iliufanya kuwa nyumbani kwake pa pili katika miaka ya 1940. Josh Gibson alipiga hapo. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, na miezi mitatu baadaye, Aprili 15, Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, Mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu katika karne ya 20. Ni mwaka 2024 tu ambapo ligi kuu ilichanganya takwimu za ligi za Weusi na zake, na jina lililopanda juu kabisa ya orodha ya wapigaji wa zama zote kwa wastani likawa la Gibson.

Kwa hiyo majirani wa Griffith Stadium walikuwa wakitazama besiboli ya kiwango cha juu kabisa kutoka kwa watu wao. Senators wenyewe walimpa mchezaji Mweusi nafasi kwa mara ya kwanza Septemba 1954, Carlos Paula kutoka Cuba, miaka saba baada ya Robinson.

Baada ya msimu wa 1960, mmiliki wa Senators, Calvin Griffith, akaifungasha timu akaileta Minnesota.

Kwa nini? Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa ya kibiashara: mashabiki wachache Washington, ahadi nono Minnesota. Hayo ni kweli. Lakini Septemba 1978 Griffith alialikwa kuzungumza na Lions Club katika mji mdogo wa Waseca, kusini ya hapa. Hakujua kwamba mwandishi wa gazeti alikuwa amekaa ukumbini. Akawaambia wenyeji wake kwamba aliamua kuja Minnesota alipogundua kuwa huku kulikuwa na watu Weusi 15,000 tu. Akaongeza maneno mengine kuhusu Weusi na viwanja vya mpira ambayo sitayarudia hapa.

Baadaye alijitetea. Maneno yalikuwa yameshatoka.

Rod Carew, mzaliwa wa Panama, alikuwa mpigaji bora wa timu hiyo. Misimu yake yote 12 na Twins aliicheza Met. Mwaka mmoja tu kabla ya Waseca alikuwa amemaliza msimu kwa wastani wa kupiga wa .388, yaani karibu mapigo manne kwa kila majaribio kumi, na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Aliposikia alichosema mwajiri wake, akasema hatakuwa Mweusi mwingine kwenye shamba la Griffith, kama enzi za utumwa. Februari 1979 akahamishiwa Angels kwa kubadilishana wachezaji.

Nilisoma haya usiku, nimeegesha lori kwenye kituo cha mapumziko Wisconsin. Nikazima simu. Nikaiwasha tena, nikasoma upya.

Mtu Mweusi, baba wa watoto wanaosoma shule za Minnesota, nilikuwa nimesimama juu ya lile bamba nikishangilia. Na uwanja niliokuwa nikiushangilia, kwa kauli ya aliyeuleta mchezo wake hapa, ulipendwa kwa sababu watu kama mimi walikuwa wachache.

## Kiti hakina kosa

Nilikuwa na hasira, na hasira ilitaka mahali pa kutua. Ilitaka kutua kwenye kiti.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Killebrew hakuhamisha timu. Alikuwa mtu wa watu, anayesifiwa mpaka leo kwa kuandika saini inayosomeka kila herufi ili mtoto aliyeipata ajue kaipata kwa nani. Pigo lake ni la kweli, futi zake ni za kweli. Na Carew naye alicheza pale pale, mbele ya mashabiki waliomsimamia kwa makofi. Uwanja ni mali ya hao pia.

Juni 2020, wiki chache baada ya George Floyd kuuawa na polisi mtaani hapa Minneapolis, Twins waliiondoa sanamu ya Calvin Griffith iliyokuwa imesimama nje ya uwanja wao wa sasa, Target Field. Nakumbuka siku zile, moshi ulikuwa bado haujatoka kwenye nguo zetu. Sanamu nyingi zilianguka mwezi ule, na hii sikuisikia kabisa. Nilikuja kuijua sasa, kwa sababu ya kiti.

Nikajiuliza: na kiti nacho kiondolewe?

Hapana. Sitaki kiondolewe. Ninachotaka ni kikubwa zaidi ya hicho. Nataka anayesimama kwenye bamba lile aambiwe pia timu ilitoka wapi, na iliwaacha kina nani. Kiti kinasema mpira ulitua hapa. Ni kweli, na kinanyamazia jinsi uwanja ulivyokuja kuwa hapo tangu mwanzo. Duka lile lina nafasi ya kibao kimoja zaidi. Lina nafasi ya kila kitu kingine.

## Georgia Avenue

Nilipopata mzigo wa kwenda Maryland, nikautaka. Baada ya kushusha, sheria ya barabarani ikanilazimisha kupumzika saa 34 kabla ya kuanza wiki mpya ya kazi, nikaliacha lori na kupanda treni hadi mjini.

Griffith Stadium ulibomolewa mwaka 1965. Palipokuwa uwanja, tangu 1975 pana Hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikitazama mlango wa wagonjwa wa dharura. Ambulansi imeingia, mama mmoja mwenye mkongojo anashushwa kwenye teksi na binti yake, wauguzi wawili wamevaa sare za kijani wanakunywa kahawa haraka haraka wamesimama. Karibu wote niliowaona walikuwa Weusi. Ardhi ambayo mwenye timu aliikimbia, akaja kusema kuwa alifuata mahali penye Weusi wachache, leo inawatibu wajukuu wa wale aliowakimbia.

Nilikaa nikitegemea kuona huzuni. Nikaona hospitali inayofanya kazi.

Toka hapo nikaacha kuuliza swali nililokuwa nimeanza nalo, la kwamba wamehifadhi nini cha uwanja wa zamani. Nikaanza kuuliza: ardhi ile leo inamfaa nani?

## Saa tisa na dakika 36

Swali hilo halijibiki vizuri kila mahali. Pittsburgh lilinishinda.

Forbes Field ulifunguliwa Juni 30, 1909, wa saruji na chuma, katika mtaa wa Oakland, pembeni ya bustani ya Schenley. Ni uwanja ambao mtu akiambiwa historia yake anadhani anapigwa porojo. Agosti 5, 1921, mechi ya ligi kuu ilitangazwa redioni kwa mara ya kwanza kutoka hapo, kwenye kituo cha KDKA. Mei 25, 1935, Babe Ruth, mpigaji mashuhuri, sasa mzee na mchovu, amevaa jezi ya Boston Braves, alivusha mipira mitatu nje ya uwanja kwa siku moja. Wa tatu ulipita juu ya paa la kulia na ndio ukawa wa mwisho maishani mwake, wa 714. Grays nao walicheza hapo. Roberto Clemente, Mweusi kutoka Puerto Rico, aliichezea Pirates, timu ya mji, akilinda upande wa kulia tangu 1955 mpaka uwanja ulipofungwa Juni 28, 1970.

Na Oktoba 13, 1960. Mechi ya saba ya fainali, Pirates na Yankees wa New York wako sare 9-9, duru ya tisa, ya mwisho. Bill Mazeroski, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kudaka, akaupiga mpira wa Ralph Terry ukapita juu ya kichwa cha Yogi Berra wa Yankees na kuvuka ukuta wa kushoto, Pirates wakashinda. Saa ya uwanjani ilionyesha saa tisa na dakika 36 alasiri.

Leo palipokuwa uwanja ni mali ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Bamba la mpigaji liko ndani ya jengo la Posvar Hall, limefunikwa kioo sakafuni, wanafunzi wanapita juu yake wakikimbilia madarasa. Nje kuna mstari wa matofali kwenye njia ya miguu unaoonyesha ukuta wa kushoto ulipokuwa. Kisha kipande cha ukuta wenyewe, cha katikati, kimebaki kimesimama na mlingoti wake wa bendera, matofali mekundu, mimea inayotambaa, na tarakimu zilizoandikwa kuonyesha futi: 457.

Kila Oktoba 13 watu hukusanyika kwenye ukuta ule kusikiliza kanda ya redio ya mechi ile, tangu mwanzo. Ilianza 1985, shabiki mmoja alipokwenda peke yake na redio kaseti. Siku hizi ni umati. Kanda inawashwa mapema alasiri na kupigiwa hesabu ili pigo la Mazeroski lifike saa ile ile, dakika ile ile.

Nilibahatika kupita siku hiyo. Wazee wamekuja na viti vyao vya kukunja, kofia za Pirates zilizofifia rangi, sandwichi ndani ya karatasi. Mmoja wao, alipoona nimesimama, akanisogezea kiti cha mkewe, akasema mkewe huwa hakai hata kidogo kuanzia duru ya nane. Na kweli mama yule alikuwa anatembea huku na huku pembeni ya ukuta, mikono kifuani, kama mtu ambaye hajui mechi itaishaje.

Wote wanajua itaishaje. Miaka zaidi ya 60 wanajua. Lakini Yankees waliposawazisha katika duru ya tisa, umati ule uliguna kwa uchungu. Niliusikia. Kisha ikafika dakika yenyewe, mtangazaji akapaza sauti, na wazee wale wakaruka na kukumbatiana, na yule mama akaja akanikumbatia mimi, mtu asiyenijua.

Nikijiuliza ardhi ile inamfaa nani, nisingeweza kutaja hospitali wala nyumba. Ni ukuta tu, hauzuii kitu wala haubebi kitu. Hata hivyo ningeweka mwili wangu mbele ya tingatinga kuulinda.

Nilipokuwa pale nilitazama pia nani hakuwepo. Nilikuwa mmoja wa Weusi wachache sana katika kundi lile, kwenye uwanja wa Gibson na Clemente. Barabara inayopita kando ya ukuta imepewa jina la Clemente, na hilo ni jambo. Lakini kanda inayopigwa ni moja. Hakuna kanda ya Grays ya kuwasha, hakuna aliyewarekodi. Ukimya huo haukuanza siku uwanja ulipobomolewa. Ulianza uwanja ukiwa umejaa watu.

## Brooklyn

Brooklyn nitapita haraka, kwa sababu nimeshindwa kuipenda.

Ebbets Field, alikoanzia Jackie Robinson, ulibomolewa kuanzia Februari 23, 1960, kwa tufe la chuma lililopakwa rangi na mishono kama mpira wa besiboli. Mtu alikaa akafikiri, akanunua rangi, akapaka. Miaka minne baadaye tufe lilelile likatumika kuubomoa Polo Grounds, ng'ambo ya mji. Mwaka 1962 maghorofa ya kupangisha yakafunguliwa Ebbets ulipokuwa, na jiwe dogo ukutani linasema hivyo kwa mstari mmoja. Picha zilizosambaa za mahali pale ni za bango lililokuwa likikataza watoto kucheza mpira.

Nyumba zinahitajika, sina ubishi. Maelfu ya watu wamelala salama pale. Bango ndilo linaloniuma.

## Nyasi za Detroit

Detroit ndiko nilikobadilika.

Tiger Stadium ulifunguliwa Aprili 20, 1912, kwenye kona ya Michigan na Trumbull, na mechi ya mwisho ikachezwa Septemba 27, 1999. Kisha mji ukauacha. Karibu miaka kumi uwanja ulisimama mtupu, mipango ikija na kuondoka, hadi ulipobomolewa wote kufikia 2009. Ikabaki ardhi yenye uzio, majani yamefika kiunoni, na mlingoti wa bendera wa futi 125 ambao zamani ulisimama ndani ya eneo la kuchezea.

Mwaka 2010 wakazi wachache wakaingia na mashine zao za kukatia nyasi, kutoka majumbani mwao. Hakuna aliyewatuma. Polisi waliwafukuza, wakarudi. Wakafyeka, wakatengeneza kichuguu cha mrushaji, wakachora mistari. Watu wakaanza kuja kurushiana mpira na watoto wao. Wengine walifungia ndoa pale. Wengine walileta majivu ya baba zao.

Nilipoisoma habari yao niliwapenda mno. Kwa hiyo niliposikia kwamba eneo lilikabidhiwa Detroit PAL, taasisi ya michezo ya vijana, na kwamba taasisi hiyo iliamua kutandika nyasi bandia, damu ilinichemka kama ilivyowachemka wale wakazi. Miaka karibu mia moja ya nyasi za kweli, walizokanyaga nguli kama Ty Cobb na Hank Greenberg, wakazinusuru watu kwa jasho lao, halafu unatandika plastiki?

Nilikwenda nikiwa na maneno hayo mdomoni. Ninabeba vipuri vya magari, Detroit ni njia yangu.

Usiku uliotangulia ilikuwa imenyesha mvua ya kumwaga. Jioni ile, kiwanja kingine chochote cha mji kingekuwa tope. Pale, kwenye kona ya Michigan na Trumbull, watoto walikuwa wanafanya mazoezi. Vikundi vitatu kwa pamoja, wasichana wa softiboli pembeni. Kocha mmoja anawapigia mipira ya chini, mtoto wa miaka kama tisa anainama, anadaka, anarusha, anarudi mwisho wa foleni. Bamba la mpigaji liko pale pale lilipokuwa. Mlingoti uko pale pale.

Kiwanja kimepewa jina la Willie Horton. Huyu alikulia Detroit na kuichezea Tigers, timu ya mji. Julai 23, 1967, mji ulipoanza kuwaka, alitoka uwanjani hapo hapo akiwa bado amevaa jezi, akaenda hadi kwenye mitaa yenye ghasia, akapanda juu ya gari na kuwasihi watu wake. Hawakumsikiliza usiku ule. Lakini alikwenda.

Nilimwuliza kocha kuhusu nyasi. Akaniambia kwa upole kwamba nyasi za kweli zingewapa wiki chache za kucheza kwa mwaka, kwa idadi ya watoto walio nao. Za bandia zinawapa majira yote isipokuwa theluji.

Wale wakazi waliofyeka nawaheshimu bado. Bila wao kusingekuwa na kitu cha kubishania. Lakini kama ningepiga kura leo, ningewapigia watoto. Nyasi alizokanyaga Cobb zimetoweka na watoto wa Detroit wanakimbia juu ya zile besi zake, na naona hiyo ni biashara ya haki.

Cleveland wamefanya jambo la karibu na hilo. League Park, uwanja wa tangu 1891, ambako Ruth alivusha mpira wake wa 500 na uliokuwa nyumbani kwa Cleveland Buckeyes, mabingwa wa ligi za Weusi mwaka 1945, ulikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2014 kama kiwanja cha mtaa. Jengo la tiketi bado lipo. Watoto wa mtaa ule, Hough, wanaingia na kutoka.

## Oakland, ile nyingine

Nataja haya yote sasa kwa sababu kuna uwanja mmoja ambao hatima yake bado haijakamilika.

Septemba 26, 2024, Oakland Athletics walicheza mechi yao ya mwisho kwenye Coliseum, California, baada ya misimu 57. Waliwafunga Texas Rangers 3-2. Wafanyakazi wa uwanja wakawagawia mashabiki udongo kwenye vikombe, watu wazima wakipokea huku wanalia. Timu ikahamia Sacramento kwa muda, ikisubiri uwanja wa Las Vegas. Rickey Henderson, mtoto wa Oakland, ambaye eneo la kuchezea lilikuwa limepewa jina lake, akafariki Desemba mwaka huo huo.

Nimewasikia wachambuzi wakisema Coliseum ulikuwa mbaya na mapaka yalizaana ndani yake. Sawa. Seattle waliulipua Kingdome mwaka 2000 baada ya miaka 24 tu, na deni lake wakaendelea kulilipa hadi 2015. Ubaya wa jengo haujawahi kuwa sababu kamili ya kitu chochote katika mambo haya. Jengo ni la saruji. Wanaohama ni wenye fedha, na wanaobaki ni majirani. Mashariki ya Oakland ni kwa Weusi na Walatino waliobaki, na kabla ya Athletics, katika miaka michache tu, walishakimbiwa na Warriors wa kikapu na Raiders wa futiboli ya Marekani.

Mwaka 2025 klabu ya kandanda ya mji, Oakland Roots, iliingia kuchezea Coliseum. Nilipoona picha za watu wamejaa tena, na ngoma zao, nilifurahi kama niliyeshinda kitu.

Mipango ya kulijenga upya eneo zima ipo. Watakaokaa mezani kuiamua nawaomba mambo matatu, na ninayaomba kwa uzito wote. Bamba la mpigaji lisitoke mahali pake, hata kama litakuwa sakafu ya zahanati. Pembeni yake iandikwe nani aliondoka na kwa nini, kwa majina. Na sehemu ya ardhi, hata robo yake, ibaki kiwanja ambacho mtoto wa mtaa ule anaingia bila tiketi.

Msomaji anayeishi karibu na Hegenberger Road, jirani na Coliseum, aniandikie. Nataka kujua kama vikao vya wakazi vimeanza, vinafanyika siku gani, na kama mtu wa nje kama mimi anaruhusiwa kuchangia neno. Mzigo wa California naweza kuuomba.